Ni Mwana wa Nani?

Karatasi ya majaribio ya kitabu cha ibada ya mazishi ilitufikia saa mbili usiku. Kamati ilikuwa imekaa sebuleni kwangu Buruburu, chai imeshapoa, na mchapaji wa River Road alikuwa akipiga simu kila baada ya dakika kumi akitaka kujua kama aanze kuchapa nakala mia tatu. Mpwa wangu, ambaye tulimkabidhi kazi ya kusahihisha kwa kuwa ndiye mwenye macho mazuri, aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza wa historia ya marehemu, baba yangu.

"Mjomba, hapa pana kosa. Babu alizaliwa 1951. Baba yake, mmeandika alifia Burma 1944."

Sote tukamtazama shangazi.

Shangazi hakuinua macho kutoka kwenye orodha ya michango. "Hapana kosa," alisema. "Mwambieni achape."

## Nyumba ya askari

Wakamba wenzangu wameshaelewa; wengine niwaeleze kwa ufupi. Yule ambaye jina lake ndilo jina langu la mwisho alichukuliwa katika KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akafia vitani Burma, akaacha mke asiye na mtoto. Mke huyo, ambaye sisi tulimwita susu mkubwa, yaani bibi mkubwa, alipolipwa pesa za kifo cha mumewe hakuolewa tena wala hakurudi kwao. Alinunua ng'ombe na mbuzi, akaenda kuposa msichana, akamwoa. Kikamba ndoa ya namna hiyo tunaiita iweto. Msichana yule alizaa watoto wawili, baba yangu na shangazi, na watoto hao wakawa wa askari aliyelala Burma: kwa jina, kwa shamba, na kwa kila jambo ambalo wazee walikuwa na haki ya kuliamua. Mwanamume aliyekuwa akija usiku hakuwa na la kudai, na kwa jinsi shangazi anavyosema, hakudai.

Nilikua nikiwajua susu wote wawili. Nilidhani walikuwa wake wenza.

Nina miaka arobaini na minane, na habari hii nilipewa usiku ule jikoni, kwa sauti ya chini, wakati watu wa kamati wakitafuta viatu vyao mlangoni. Sitasema kwamba niliumia kwa sababu ya damu. Kilichonikera ni kwamba kitabu kilichapwa hivyo hivyo, mstari uleule, na siku ya mazishi kule Machakos nilisimama mbele ya watu nikausoma bila kigugumizi: marehemu alikuwa mwana wa fulani. Nilipokuwa nikirudi kiti changu nilijiuliza kama nilikuwa nimesema uongo kanisani.

## Tarehe 17 Desemba

Wiki tano baadaye niliingia misa ya asubuhi kabla ya kwenda kazini. Tarehe 17 Desemba Kanisa Katoliki husoma Mathayo sura ya kwanza, mstari wa 1 hadi wa 17. Somo la kwanza huwa Mwanzo 49, Yakobo akimbariki Yuda na kumwahidi kwamba fimbo ya enzi haitamtoka. Kisha Padri hufungua Injili na kuanza: Kitabu cha ukoo wa Yesu Kristo, mwana wa Daudi, mwana wa Ibrahimu. Padri wetu huisoma orodha ile kwa kasi ya kondakta anayetaja vituo ambavyo hakuna abiria anayeshuka. Akamzaa, akamzaa, akamzaa.

Asubuhi ile nilikuwa abiria wa kushuka.

"Yakobo akamzaa Yusufu mumewe Mariamu aliyemzaa Yesu aitwaye Kristo." Nimeusikia mstari huo maisha yangu yote na sikuwahi kusikia kitendo kikibadilisha mtendaji. Mathayo anamzalisha kila mwanamume katika orodha hadi anapofika kwa Yusufu, na hapo anakwepa. Yusufu hamzai mtu. Yeye ni mume wa aliyezaa. Basi majina arobaini yaliyotangulia yalikuwa ya nini, ikiwa kamba yenyewe inakatika kwenye fundo la mwisho?

Jibu la kanisa nilikuwa nikilijua, na nikalirudia mwenyewe ndani ya matatu. Malaika anamwita yule seremala "Yusufu, mwana wa Daudi", kisha anampa kazi moja: nawe utamwita jina lake Yesu. Anayempa mtoto jina ndiye anayemkubali nyumbani kwake, na anayekubaliwa nyumbani mwa Yusufu anakubaliwa katika nyumba ya Daudi. Sheria ya kumtambua mtoto inafanya kazi ambayo damu haikufanya. Jibu hilo lilinifariji hadi nilipofika kituo cha Kencom. Hapo nikatambua kwamba ndilo jibu la shangazi, neno kwa neno: hapana kosa, mwambieni achape.

Mimi ni mhasibu, na mhasibu akionyeshwa jumla huhesabu. Mathayo anasema vizazi kumi na vinne kutoka Ibrahimu hadi Daudi, kumi na vinne hadi uhamisho wa Babeli, na kumi na vinne hadi Kristo. Fungu la tatu lina majina kumi na matatu, isipokuwa ukimhesabu Yekonia mara mbili. Katika fungu la pili, kati ya Yoramu na Uzia, wafalme watatu ambao vitabu vya Wafalme vinawajua vizuri hawamo: Ahazia, Yoashi na Amazia. Wataalamu wengi wanasema kumi na nne ndiyo thamani ya herufi za jina la Daudi kwa Kiebrania, nne na sita na nne, na kwamba Mathayo alikuwa akitunga wimbo wa jina hilo zaidi ya kuandika daftari. Nakubali. Hata hivyo hesabu ya namna hiyo ingenitoa kazini kabla ya saa nne asubuhi.

## Mahloni yuko wapi?

Krismasi tulikuwa Machakos. Shangazi ana Biblia ya Kiswahili iliyoshonwa mgongo kwa uzi wa gunia, na humo nilisoma kitabu cha Ruthu mwanzo hadi mwisho, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nje ya jiko. Nilikuwa nikitafuta utetezi wa babu yangu. Niliamini nimeupata.

Naomi ni mjane aliyefiwa na wana wote wawili. Ruthu, mjane wa Mahloni, anaolewa na Boazi, jamaa ya marehemu, na Boazi anatangaza mbele ya wazee langoni kwamba anamtwaa ili kuliinua jina la marehemu juu ya urithi wake, jina lile lisikatike. Mtoto anazaliwa. Majirani wanawake hawasemi Ruthu amejifungua. Wanasema Naomi amezaliwa mwana. Wanampa jina Obedi. Naomi anampakata kifuani na kuwa mlezi wake. Niliinua macho nikaliona kaburi la susu mkubwa ng'ambo ya mihogo, nikasema moyoni, huyu hapa. Mwanamke mzee asiye na mtoto, msichana wa kutoka nje, mtoto anayezaliwa kwa jina la mtu aliye kaburini, na Obedi huyo ndiye baba yake Yese, babu yake Daudi. Nyumba ambayo Masihi anatoka ilijengwa kwa ndoa inayofanana na yetu.

Kisha nikasoma mistari mitano ya mwisho.

Hapo kitabu kinaandika ukoo rasmi: Peresi, Hesroni, na kuendelea, hadi "Boazi akamzaa Obedi". Boazi. Yule marehemu ambaye jina lake liliapiwa langoni mbele ya wazee kwamba halitakatika, limekatika. Mathayo anafuata vivyo hivyo. Nikarudi nyuma kwa Tamari, katika Mwanzo 38. Eri anakufa bila mtoto, Onani analazimika kumpatia kaka yake uzao na anakataa, na mwishoni Tamari anapata watoto kwa Yuda mwenyewe. Kwa mantiki ileile Peresi alipaswa kuandikwa mwana wa Eri. Ameandikwa mwana wa Yuda. Mara mbili katika ukoo wa Daudi sheria inaahidi kumwinua marehemu, na mara mbili daftari linamfuata mwanamume aliye hai.

Nilimsomea shangazi. Alisikiliza akichambua maharagwe.

"Kwa hiyo Mahloni hakuandikwa," alisema.

"Hakuandikwa."

"Basi hakuwa na mke kama mama yetu."

## Barua ya Africanus

Niliporudi Nairobi nilikuwa nimegeuka kinyume cha nilivyoondoka. Nilianza kuona kwamba Wakamba ndio waliotimiza kile ambacho Torati iliagiza katika Kumbukumbu la Torati 25, kwamba mzaliwa wa kwanza wa mjane achukue jina la marehemu asiye na mtoto, na kwamba waandishi wa ukoo wa Daudi walilegea. Lakini nilikuwa sijamfikia Luka.

Luka naye ana orodha, na haikubaliani na ya Mathayo. Mathayo anamteremsha Yesu kwa Sulemani. Luka anampitisha kwa Nathani, mwana mwingine wa Daudi, na kumfikisha hadi Adamu. Baada ya Daudi majina hayafanani kwa muda mrefu, yanakutana kwa Shealtieli na Zerubabeli, kisha yanaachana tena. Hata babu wa Yesu upande wa Yusufu si mmoja: Mathayo anasema Yakobo, Luka anasema Eli. Na Luka ana neno dogo la tahadhari ambalo nililipenda kama mhasibu: "akidhaniwa kuwa mwana wa Yusufu".

Wapo wanaosema orodha ya Luka ni ya Mariamu, ingawa Luka hamtaji humo. Maelezo yaliyonisimamisha ni ya zamani zaidi. Julius Africanus, Mkristo wa karne ya tatu, alimwandikia Aristides barua ambayo Eusebius aliihifadhi katika historia yake ya kanisa. Yakobo na Eli, anasema, walikuwa ndugu wa mama mmoja na baba tofauti, mmoja wa mlango wa Sulemani na mwingine wa mlango wa Nathani. Eli alikufa bila mtoto. Yakobo akamrithi mjane, akamzaa Yusufu. Kwa hiyo Yusufu ni mwana wa Yakobo kwa maumbile na mwana wa Eli kwa sheria, na kila mwinjili ameandika upande mmoja wa ukweli.

Sijui Mzungu anayesoma maelezo hayo kwa mara ya kwanza huyaonaje. Labda huyaona ni ujanja wa wakili. Mimi niliyasoma ofisini wakati wa chakula cha mchana na nikacheka peke yangu, kwa sababu hakuna mzee wa kule kwetu, wala mzee wa Kijaluo, ambaye angehitaji kuelezwa mara mbili. Africanus anaongeza kwamba Herode, akiona haya juu ya asili yake, aliteketeza kumbukumbu za koo ili pasiwe na mtu wa kujivunia alichokosa yeye. Ni wazo ambalo mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni ya kitambulisho Nairobi, huku akiulizwa babu yake alizaliwa wapi, ataelewa kwa nini lilimjia Herode.

Hata hivyo maelezo ya Africanus yanamtatua Yusufu tu. Fundo la mwisho linabaki palepale.

## Aandikwe kuwa hana watoto

Kila asubuhi matatu yangu hupita karibu na sinagogi iliyo pembeni mwa University Way na Uhuru Highway. Kwa miaka niliitazama kama jengo tulivu lenye uzio. Januari nilianza kuitazama kama nyumba ya watu wenye haki ya kutuuliza swali, na swali lao ni la zamani: mtoto huchukua kabila kwa baba mzazi, basi kama Yusufu hakuzaa, Daudi anaingiaje?

Wana pingamizi la pili, na hili limenisumbua zaidi. Katika Yeremia 22 Mungu anamlaani mfalme Konia, ambaye ndiye Yekonia wa Mathayo, na kuamuru kwamba mtu huyo aandikwe kuwa hana watoto, kwa maana hakuna wa uzao wake atakayekaa katika kiti cha Daudi. Alikuwa nao. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya tatu, kinawataja. Amri ile ilikuwa ya kuandika, na iliandika kinyume cha kilichokuwepo nyumbani. Nililikodolea macho neno hilo, aandikwe. Babu yangu hakuwa na watoto akaandikwa kuwa nao. Yekonia alikuwa nao akaandikwa kuwa hana. Baadaye, kwa kinywa cha Hagai, Zerubabeli wa nyumba hiyohiyo anaahidiwa kufanywa kama pete yenye muhuri, picha ileile ambayo Yeremia alisema Konia angeng'olewa nayo mkononi. Walimu wa Kiyahudi walisema Yekonia alitubu na laana ikaondolewa.

Nilidhani ningewakuta Wayahudi wameshikilia daftari kwa mikono miwili, na kwa kiasi fulani wameshikilia: wakuu wa jamii ya uhamisho kule Babeli walijinasibisha na Daudi kwa karne nyingi. Lakini wakati wa vita dhidi ya Roma, mwaka 132 hadi 135, Rabi Akiva alimwona Bar Kokhba, kiongozi wa vita hivyo, akasema huyu ndiye mfalme Masihi, na ushahidi aliotoa ni nyota itakayotokea katika Yakobo, maneno ya kitabu cha Hesabu. Hakutaja baba yake. Mwenzake, Yohanan ben Torta, alimjibu kwamba nyasi zitaota mashavuni mwa Akiva na mwana wa Daudi atakuwa bado hajaja. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye Rambam, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, aliandika kwamba Masihi ni mfalme wa nyumba ya Daudi, kisha akasema kwamba ufalme wake ukishatulia, ni yeye atakayewapambanua Israeli koo zao kwa roho takatifu.

Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Mfalme anatangulia, daftari linafuata.

## Pumwani

Suruali yangu nyeusi ya mazishi ilihitaji kupunguzwa kiuno. Nilikuwa nimekonda. Nilimpelekea Maalim, fundi wa nguo wa Pumwani aliyefundisha madrasa miaka mingi, na ambaye humwambia kila mteja ukweli kuhusu kitambaa alicholeta.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Pole tena na msiba."

Nilimweleza habari ya Mathayo, si ya baba. Alitabasamu huku pini zikiwa mdomoni. Akasema Qurani imelimaliza jambo hilo kwa maneno mawili: Isa, mwana wa Mariamu. Hakuna Yusufu wa kuziba pengo. Sura ya tatu inamtaja Mwenyezi Mungu kuwateua Adamu, Nuhu, watu wa Ibrahimu na watu wa Imrani, kisha inaingia moja kwa moja kwa mwanamke aliyeweka nadhiri ya kilicho tumboni mwake, akajifungua binti. Binti huyo ndiye Mariamu. Wanaume wanagombea kumlea, wanatupa kalamu zao kupiga kura. Na mwanawe, asiye na baba, anafananishwa na Adamu, aliyeumbwa kwa udongo na kuambiwa kuwa, akawa.

Hapo nikamweleza habari ya baba.

Alitoa pini moja moja mdomoni, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. "Kwa sheria yetu, mwanangu, jina lile asingepewa," alisema. Akanikumbusha Zaidi bin Haritha, aliyelelewa na Mtume hata watu wakamwita Zaidi bin Muhammad, mpaka aya ya sura ya 33 ilipoteremka: waiteni kwa baba zao, na kama hamwajui baba zao, basi ni ndugu zenu katika dini. "Baba yako angeitwa kwa mama yake. Haikuwa aibu kwa Isa."

Alisema kwa upole, na iliniuma kuliko swali la mpwa wangu. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikitafuta nani anamruhusu baba yangu kubeba jina lile. Hapa palikuwa na sheria iliyomheshimu vya kutosha kumkatalia.

Lakini Maalim hakuwa amemaliza. Aliikunja suruali na kusema, "Nasi tuna fundo letu." Watoto wa kiume wa Mtume walikufa wadogo, na maadui wakamcheka kwamba amekatikiwa. Kizazi chake kilibaki kwa Fatima, na hadithi iliyopokewa na Abu Dawud inasema Mahdi, kiongozi anayengojewa, atatoka katika watoto wa Fatima; Waithnaashari, yaani Washia wa maimamu kumi na wawili, wanaamini ameshazaliwa, imamu wa kumi na mbili, na yuko ghaibu tangu mwaka 874. Inasimuliwa kwamba al-Hajjaj, gavana mkali wa Iraki, alimwita mwanachuoni Yahya bin Ya'mar amwonyeshe ndani ya Qurani palipoandikwa kwamba Hasan na Husein, watoto wa binti, ni kizazi cha Mtume. Yahya akamsomea sura ya sita, inapohesabu kizazi cha Ibrahimu: Daudi, Suleimani, na wengine, hadi Zakaria, Yahya na Isa. Akamuuliza, je, Isa si wa kizazi cha Ibrahimu, naye hana baba? Al-Hajjaj akakubali.

Nilibaki nimesimama na pesa mkononi. Yule asiye na baba, ambaye kwa Mathayo ndiye shimo katika ukoo, kwa Yahya bin Ya'mar ndiye aliyetolewa kama hati ya kuthibitisha ukoo wa mwingine.

"Mama yangu ni sharifa wa Lamu, wa kizazi cha Mtume," Maalim alisema akihesabu chenji. "Mimi si sharifu. Nasaba ilipita kwa binti mara moja, kisha mlango ukafungwa nyuma yake." Hakuonekana kulalamika. Wala hakuonekana kuwa amelizoea.

## Jiwe

Kuna siku moja hekaluni ambapo Yesu mwenyewe, kwa mujibu wa Mathayo 22, anawauliza Mafarisayo habari za Kristo: ni mwana wa nani? Wanajibu haraka, wa Daudi. Naye anawauliza, ikiwa Daudi anamwita Bwana, amekuwaje mwanawe? Hakuna aliyeweza kumjibu, na Mathayo yuleyule aliyefungua kitabu chake kwa majina arobaini anaiacha sura iishe bila jibu. Nashuku alijua alichokuwa akifanya, kama nilivyokuja kushuku kwamba alijua kuhesabu hadi kumi na nne.

Sijaamua kama nilisema uongo siku ile ya mazishi. Kuna asubuhi naona nilisema ukweli wa wazee, na kuna asubuhi namsikia Maalim akitoa pini mdomoni. Jina la yule mwanamume wa usiku shangazi analijua. Sijamuuliza.

Wiki iliyopita fundi wa mawe ya makaburi alinitumia picha ya jiwe kwa simu ili nikague tahajia kabla ya kulipiga msasa. Chini ya jina la baba alikuwa amechonga "mwana wa" na jina la askari. Nilimpelekea shangazi picha hiyo. Alipiga simu papo hapo akataka susu mkubwa aongezwe, kwa sababu yeye ndiye aliyelipa mahari. Nikasema kama ni hivyo na susu mdogo aongezwe, kwa sababu yeye ndiye aliyezaa. Shangazi alinyamaza kwa muda mrefu, nikasikia kuku nyuma yake.

"Waandike wote," alisema.

Fundi alilalamika kwamba nafasi haitoshi, jiwe lilipimwa kwa jina moja. Kisha akasema ataanza upya upande wa nyuma, na atazipunguza herufi zote, pamoja na za marehemu mwenyewe, ili majina matatu yaenee chini yake.